Hodi Kila Dakika Saba

Daftari la seva halijui kulala.
Saa nane usiku linaandika. Saa nane na dakika saba linaandika tena:
anwani moja, wenye anwani wawili.
Na kila likiandika hivyo, kule chini kwa mhasibu
orodha ya mishahara inakatika katikati ya jina la mtu.
Byamungu anakuwa Byamu,
na Byamu halipwi.

Wiki mbili sasa. Madaktari wananitazama
kama mtu aliyekula pesa zao.
Papa Cirhuza wa getini ananisalimia kwa kidevu.

Mimi navijua vyombo vyangu. Nimevihesabu:
kompyuta thelathini na moja, printa nne,
mashine ya eksirei iliyokuja na bango la wafadhili,
bango likadumu kuliko mashine.
Kila kimoja nimekibandika jina kwa plasta ya vidonda,
maana gundi ya karatasi haivumilii unyevu wa Bukavu.
Huyu hayumo.
Huyu ana herufi na tarakimu kumi na mbili tu, hana uso.

Nikimwita kwa tarakimu hizo, anajibu.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Natuma neno dogo, linarudi,
milisekunde mbili, kama mtu aliye chumba cha pili
na anayekataa kujitaja.
Uko wapi? Mbili.
Wewe ni nani? Mbili.

Jumapili, mvua ikiburuta udongo mwekundu wa Kadutu kuelekea ziwani,
mhasibu akiwa misani,
nikaanza kuchomoa.
Njia hii hawaifundishi chuoni. Ni njia ya mama anayetaka kujua
ni yupi kati ya watoto sita aliyejamba:
unamtoa mmoja nje, unanusa tena.

Waya wa maabara: bado anajibu.
Waya wa upasuaji: bado, na mtu akanitukana kwa Kifaransa safi.
Umeme ukaenda zake, jenereta ikakohoa, nikaanza upya.
Waya wa kijivu, tundu la kumi na tisa, lisilo na plasta:
kimya.
Nikauchomeka: mbili. Nikauchomoa: kimya.
Jamani, nilicheka peke yangu.

Nikaufuata kwa vidole. Unapanda darini,
kinyesi cha popo, kiatu kimoja cha mtoto,
unashuka nyuma ya wodi ya uzazi,
unapita chini ya rangi ambayo mtu aliipaka juu yake bila kuuliza,
unaingia stoo ya zamani ya chanjo.
Friji.
Juu ya friji, kijisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni,
taa moja ya kijani, vumbi la miaka sita.

Kipimajoto. Walikiweka watu wa mradi. Mradi ukaisha,
chanjo zikahamia jengo jipya,
hakuna aliyekiambia.
Kila dakika saba kikadai anwani yake ya zamani,
ambayo siku hizi ni ya mhasibu,
kikapaza sauti: digrii kumi na moja! Hatari!
Kikiiambia seva iliyokwishauzwa chuma chakavu.

Nikafungua friji kwa heshima.
Sufuria ya sombe.
Sambaza za kukaanga, zimefungwa gazetini
(kwetu ni samaki kwanza, ndipo kitenzi).
Chupa tatu za kasiksi, jina la muuguzi Nsimire,
na onyo kwa kalamu nyekundu: DAWA.

Ningeuacha waya nje. Ndivyo vitabu vinavyosema.
Lakini nani hapa kazini ametoa ripoti miaka sita
bila mshahara, bila kukosa zamu?
Wapo. Tunawajua kwa majina.

Nikakipa anwani yake chenyewe, ya mwisho kabisa orodhani,
nikakata plasta, nikaandika: MLINZI WA SOMBE.

Usiku huu mishahara imepita yote, mpaka Byamungu, mpaka herufi ya mwisho.
Daftari linaandika: kumi na moja.
Kumi na mbili.
Nsimire, sambaza zako zitaoza.